Mikono yake

Jumamosi, 14 Oktoba 2023
Mvua ya kwanza imepiga mabati ya Kikula, hapa Likasi, usiku kucha. Asubuhi mama mkwe amekuja na pakiti ya chumvi na chupa ya dawa ya mizizi. Akanibonyeza shingo kwa vidole viwili: "Mwanangu, hili rovu ndilo linalokufunga tumbo." Jirani yetu mzaliwa wa Idjwi akamuunga mkono. Kwao, kule ziwa Kivu, rovu lilijaa vijiji vizima, mpaka madaktari wakaja na sindano za mafuta yenye madini joto. Sikubishana nao. Chumvi nimeipokea, dawa nimeimwaga.

Miaka mitano ya ndoa, mimba mbili zimetoka. Hapa kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi wananiita kwa jina la mtoto wa dada yangu, wakinihurumia. Bibi alizaa saba katika kambi ya Union Minière, kampuni iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kutaka wafanyakazi wakae na wake zao, ikatoa posho ya mke na ya kila mtoto. Nadhani mji huu haujaacha kuwahesabu wanawake kwa posho ile.

Alhamisi, 26 Oktoba
Lubumbashi, kilomita 120 hivi. Daktari amesoma karatasi zangu. TSH, kipimo cha kazi ya tezi, ni 2.1, haina neno. Kingamwili zinazoishambulia tezi ya shingo ziko juu sana. Ndizo za ugonjwa wa Hashimoto, Mjapani aliyeandika mwaka 1912 juu ya tezi za wanawake wanne, kisha akarudi kwao kutibu watu wa mji wake. Tezi yangu inashambuliwa, ila bado inatimiza kazi yake. Wanawake wenye kingamwili hizi hupoteza mimba zaidi ya wengine.

Nikamwomba vidonge. Akakataa, kwa upole. Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 900 wa hali yangu: wengine levothiroksini, wengine kidonge kitupu. Majibu yalitoka 2019. Waliojifungua mtoto hai walikuwa kama asilimia 37 huku na huku. Nililia mbele yake. Afadhali ningekuwa na ugonjwa wenye kidonge.

Nilipokuwa najifuta macho, akamgeukia mume wangu. "Papa, nyoosha mikono." Akalaza karatasi juu ya vidole. Karatasi ikatetemeka, ikatetemeka, ikaanguka. Mapigo ya moyo 118, naye amekaa tu kitini.

Tangu kiangazi amepungua kilo tisa. Tulisema ni joto la kazini. Suruali zake tatu nimezipunguza kiuno kwa sindano yangu mwenyewe, wala sikujiuliza. Macho yote yalikuwa kwenye tumbo langu, na yangu pia.

Alhamisi, 9 Novemba
Mume wangu ana ugonjwa wa Basedow. Kinga ya mwili wake nayo imegeukia tezi, lakini badala ya kuibomoa inaichochea, nayo inamwaga homoni bila kipimo. Homoni ikizidi, mbegu za kiume hulegea mwendo. Zake zinazosonga mbele ni asilimia 12. Damu ikitulia, nazo huweza kurudi. Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kuumbwa, kwa hiyo tusipime kila wiki kama watu wanaochungulia chungu.

Amepewa karbimazoli. Daktari amerudia onyo mara mbili: koo likiuma au homa ikipanda, aache dawa siku ileile na apimwe chembe nyeupe za damu, maana dawa hii mara chache huzimaliza. Nimeliandika ndani ya mlango wa kabati.

Jumapili, 3 Desemba
Baada ya bukari na sombe mume wangu amemwambia mama yake. Sikumtuma. "Mama, ugonjwa uko kwangu pia. Hata mbegu zangu zimepimwa." Mama mkwe aliendelea kukusanya sahani, akazipanga, akazipangua. Mlangoni akanishika mkono, akauachia bila neno.

Nilitaka aniombe radhi. Bado nataka.

Jumatano, 17 Januari 2024
Saa nane za usiku, homa 39, koo linamuuma mume wangu. Likasi nzima, homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Kwenye zahanati muuguzi alishika tayari dawa ya malaria. Nikasimama dirishani, sikutoka mpaka akakubali kuhesabu chembe nyeupe. Tulingoja saa moja na nusu. Umeme ulikatika, ukarudi. Nilikuwa namhesabia pumzi.

Chembe 5,400, ziko sawa. Na malaria ipo, kweli. Daktari amejibu simu kutoka Lubumbashi: karbimazoli iendelee.

Mama mkwe alifika alfajiri kwa miguu, tope hadi magotini, na chupa ya uji. Alijaza vikombe viwili. Cha kwanza akanipa mimi.