Uongo Ulipokuwa na Mwenyewe

Kabla ya kura ya tarehe 30 Julai 2006 kwetu Kongo ya Kinshasa, uongo wa kampeni ulikuja Masisi, Kivu ya Kaskazini, kwa miguu. Ulipanda vilima pamoja na wachuuzi wa jibini waliokuwa wakirudi kutoka Goma na Sake, ukatua sokoni, ukazunguka na kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na ulipofika uani kwetu tulikuwa tumekwisha kuujua ukoo wake: huu katunga fulani, yule aliyewahi kutuapia kwamba ng'ombe wa paroko kazaa watatu kwa mpigo. Mawe ya redio yakichoka tuliyaanika juu ya bati, yakapata nguvu ya taarifa moja zaidi ya Radio Okapi. Kule Walikale, kwa majirani zetu, habari zilishuka na ndege zilizotua kwenye barabara ya lami ya Kilambo kubeba madini ya kasiteriti. Sura za wagombea (wa urais peke yao walikuwa 33) zilibandikwa ukutani kwa uji wa muhogo, na mbuzi wakazila kwa ajili ya uji.

Lakini tusijipambe. Ilivuma kwamba mgombea mmoja wa kwetu amekufa, tukakaa matanga siku tatu. Siku ya nne akashuka kwenye pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi, akauliza bei ya mkungu wa ndizi, kisha akauliza ni nani aliyefariki. Wengine hawakucheka: walikuwa wamekwisha kumwahidi mpinzani wake kura.

Leo angekanusha kwa dakika moja.

Na leo uongo hauna ukoo. Juzi sauti iliingia kwenye WhatsApp yangu, sauti ya mwanasiasa ninayemfahamu tangu ujana, na kikohozi chake kabisa, akisema maneno ya kugombanisha watu. Mtoto wa dada yangu akasikiliza mara moja: "Mjomba, hiyo ni mashine." Nilikuwa nimekwisha kuwatumia watu kumi na mmoja.

Wenzetu Marekani wanatunga sheria dhidi ya uongo wa namna hii, jimbo kwa jimbo. Texas ilitangulia mwaka 2019: kutengeneza na kusambaza video ya kughushi ili kumdhuru mgombea, ndani ya siku 30 kabla ya kura, ni kosa la jinai. Siku 30 ndio urefu wa kampeni yetu sisi. Kinshasa nayo ilitoa Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, tarehe 13 Machi 2023. Kifungu cha 360 kinamtaja anayeanzisha habari ya uongo dhidi ya mtu na anayeipitisha pia: kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, au faini ya faranga 500.000 hadi milioni moja, au vyote viwili. Mwaka 2006 gereza gani lingetutosha? Na kwa kifungu hicho, wa kwanza kukamatwa ni mimi na kidole changu; aliyeitengeneza ile sauti sijui hata yuko nchi gani.

Hata hivyo sheria ya kumlinda mpiga kura inataka kwanza awepo mpiga kura. Tarehe 20 Desemba 2023 Walikale walipiga kura. Sehemu kubwa ya Masisi haikuona sanduku, kwa sababu ya vita. Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Masisi-centre, na Machi wakafika Walikale-centre, kabla ya kuiacha Aprili.

Kura yangu ya mwisho Masisi niliipiga mwaka 2018.