Ndege Huyu na Ndege Hii



Wapendwa waamini na wasomaji wa tafakari hii ya kila juma, leo ninaandika ili kulipa deni. Miezi kadhaa iliyopita nilisafiri kwa ndege kutoka hapa Bukoba kwa shughuli za kichungaji. Tulikuwa tumekwisha kupanda, milango imefungwa na mikanda imekazwa, lakini hatukuondoka. Dirishani nilimwona mfanyakazi mmoja akitembea kando ya barabara ya kurukia, amevaa kizibao cha kung'aa, akipiga makofi na kupunga mikono ili kulifukuza kundi la yangeyange waliokuwa wakidonoa wadudu majanini. Waliruka, wakazunguka upande wa ziwa, kisha wakarudi kutua hatua chache tu kutoka pale walipotolewa. Yule bwana akawafuata tena. Mimi nikatazama saa yangu, na moyoni nikanung'unika kwamba watu wazima na shughuli zao wanacheleweshwa na ndege wadogo kiasi kile.

Kando yangu aliketi mama mmoja wa makamo kutoka Muleba, aliyekuwa anasafiri kwa ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake. Rozari ilikuwa mkononi. Akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Baba, hivi kweli ndege huyu anaweza kuiangusha ndege hii?"

Nilicheka kidogo, nikamjibu: "Mama, huyu ni kiganja kimoja cha manyoya, na hii ni tani nyingi za madini. Tumekwisha kusali. Usiogope." Mama akatulia, akarudi kwenye rozari yake. Yangeyange wakaondoka, nasi tukaruka salama.

Jibu langu lilimtuliza, lakini halikuwa la kweli. Nililitoa kwa sababu niliulizwa, na sisi mapadre tuna udhaifu wa kuona aibu kusema "sijui". Baadaye swali lile lilinisumbua, nikaanza kusoma na kuuliza watu wenye ujuzi. Mama yule sijaonana naye tena. Kama wewe ni jirani yake kule Muleba, tafadhali mfikishie haya.

Kiswahili chetu kimewapa jina moja kiumbe cha Mungu na chombo cha binadamu, na kuwatofautisha kwa upatanisho tu: ndege huyu, ndege hii. Nao wanatumia anga lile lile. Chombo kikiwa juu sana, hukutana na ndege wa angani kwa nadra. Hatari iko chini, wakati wa kuruka na wakati wa kutua, kwa maana huko chini ndiko ndege wa angani wanakoishi, wanakokula na wanakopita. Na kati ya nyakati hizo mbili, kuruka kuna ugumu wake wa pekee. Injini hufanya kazi kwa nguvu karibu zote ilizo nazo. Chombo ni kizito kwa mafuta ya safari, hakijapata kimo, na rubani hana muda wa kutafakari.

Tena uzito wa yule ndege si kipimo cha pigo lake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Katika injini za jeti, ambazo huvuta hewa nyingi kwa mbele, ndege wa angani huvutwa pamoja na hewa hiyo na kukutana na mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa mno. Panga likipinda au kuvunjika, vipande vyake huingia ndani na kuharibu vingine. Mtiririko wa hewa huvurugika, injini hulipuka kwa mishindo kama bunduki, hutema moto na kupoteza nguvu. Ndege za pangaboi, kama hizi tulizozizoea hapa Bukoba, zimeundwa kwa namna nyingine, lakini nazo hazina kinga kamili.

Sitaki kumtia mtu hofu. Watengenezaji hujaribu injini zao kwa kuzirushia ndege waliokufa huku zikizunguka, na ndege ya abiria yenye injini mbili huundwa iweze kuendelea kupaa hata moja ikizimika. Marubani nao hukokotoa kabla ya kila safari kasi fulani ya uamuzi. Kabla ya kuifikia, wanaweza kusimama ndani ya barabara iliyobaki. Wakiisha kuipita, hawana budi kuruka, hata kama injini moja imekufa. Kwa sababu hiyo migongano mingi huisha bila madhara kwa abiria. Maafa huja pale kundi zima linapoingia katika injini zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Na yamekwisha kutokea. Tarehe 4 Oktoba 1960, huko Boston, Marekani, ndege ya injini nne za pangaboi iliruka na kukutana na kundi la kwezi, ndege wasiojaa hata kiganja. Watu 62 kati ya 72 waliokuwamo walifariki. Tarehe 15 Januari 2009, jijini New York, mabata bukini walizima injini zote mbili za ndege iliyokuwa imetoka tu kuruka. Rubani Chesley Sullenberger aliitua juu ya maji ya mto Hudson, na watu wote 155 wakaokoka.

Lakini tukio lililonigusa zaidi ni la hapa Afrika Mashariki. Bahir Dar ni mji wa Ethiopia ulio kando ya Ziwa Tana, mji wa ziwani kama huu wetu. Tarehe 15 Septemba 1988, ndege aina ya Boeing 737 ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliruka kutoka hapo kuelekea Asmara. Ilipokuwa inapaa, kundi la njiwa liliingia katika injini zote mbili. Marubani walijaribu kurudi kiwanjani, lakini nguvu ziliwaishia njiani. Wakaitua kwa tumbo, nayo ikashika moto. Kati ya watu 104, 35 walipoteza maisha. Njiwa, ndugu zangu! Ndege tunayemchora juu ya altare zetu kuwa ishara ya Roho Mtakatifu na ya amani. Njiwa wale hawakuwa na kosa. Walikuwa tu mahali pao, wakifanya mambo yao.

Basi, mama yangu wa Muleba, jibu la swali lako ni hili: ndiyo, anaweza. Ni nadra, lakini anaweza. Na yule bwana wa kizibao alikuwa anafanya kwa ajili yako na kwa ajili yangu kazi ambayo mimi niliidharau.

Ningepaswa kuitambua kazi ile, maana niliifanya utotoni. Nami nilikulia Muleba, na mtama ulipoanza kukomaa kule rweya, nje ya vibanja, sisi watoto tulipelekwa kuamia ndege. Tulikaa juani tangu alfajiri, tukirusha mawe na kupiga madebe. Ilikuwa kazi isiyo na sifa. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea: mtama unabaki mahali pake, na hakuna anayekushukuru. Ukisinzia kidogo tu, kila mtu anajua.

Sasa niwaungamie jambo. Nilipouliza ni nini kinachowavuta ndege wa angani karibu na viwanja, niliambiwa: maji, majani, wadudu, na takataka. Maji ni ziwa letu, hatuwezi kulihamisha. Majani hukatwa. Takataka ni zetu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linashauri dampo lisiwekwe ndani ya kilomita 13 kutoka kiwanja. Chukueni ramani mpime: mji mzima wa Bukoba umo ndani ya duara hilo, na parokia yetu pia.

Mwaka uliopita, baada ya sherehe ya somo wa parokia, wazee wa halmashauri ya walei waliniuliza mabaki ya chakula yatupwe wapi. Tulikuwa tumepika ndizi na samaki kwa mamia ya watu. Nilikuwa nimechoka, nikajibu: "Yamwageni kule chini upande wa ziwa, ndege watayamaliza." Na kweli walikuja. Kwa siku kadhaa kongoti walisimama pale na vipara vyao, wazito na wenye heshima, hata watoto wa katekisimu wakawaita halmashauri mpya. Mwewe walizunguka juu. Tulicheka sote. Hakuna aliyeinua macho kuona kwamba ndege ya asubuhi ilikuwa inapita juu ya vichwa vyetu. Mungu hakuruhusu lolote litokee. Lakini kutotokea kwa ajali hakuligeuzi kosa langu kuwa jema.

Katika Dominika ya Kwanza ya Kwaresima tumesikia jinsi shetani alivyompandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akimshawishi ajitupe kwa kuwa malaika wangemdaka (Mt 4:5-7). Yesu alikataa, kwa sababu kumtumaini Mungu si kumjaribu. Nami kwa jibu langu rahisi kule ndegeni nilikuwa nimeielekea hoja ya shetani bila kujua: tumesali, basi yaliyobaki ni kazi ya malaika. Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba Mungu huuongoza ulimwengu kwa kuwashirikisha viumbe wake, akiwapa nao heshima ya kuwa visababishi vya mema. Tunaposali tuwe salama safarini, yaelekea jibu la Mungu limekwisha kutumwa, nalo limevaa kizibao cha kung'aa na linapiga makofi kando ya barabara. Jibu hilo laweza pia kuwa mama jikoni anayefukia matumbo ya samaki badala ya kuyatupa wazi.

Yesu huyohuyo alituambia kwamba hata shomoro mmoja haanguki bila Baba kujua (Mt 10:29). Kwa hiyo sisemi tuwachukie ndege wa angani, wala tuwawekee sumu. Baba anawahesabu. Ninasema tusiwaandalie karamu mahali ambapo karamu hiyo itawaua wao na kutuua sisi.

Ndugu wapendwa, hakuna mtu wa Bukoba aliyesahau tarehe 6 Novemba 2022. Ndege yenye watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya, na ndugu zetu 19 wakafariki. Ndege wa angani hawahusiki na msiba ule, nami siutaji kwa sababu hiyo. Ninautaja kwa sababu ya wale waliokuwa chini. Wavuvi, miongoni mwao kijana Majaliwa Jackson, waliiendea ndege ile kwa mitumbwi kabla ya wengine, na watu 24 wakatoka hai. Wengi wa wavuvi wale huenda hawajawahi kupanda ndege. Lakini siku ile walitambua kwamba aliye juu na aliye chini ni jirani mmoja.

Upendo ule sote tuliuona, na tuliusifu kwa haki. Lakini kuna upendo mwingine unaotangulia, upendo wa yule anayeamia mtama: hauna mashahidi, haupigiwi makofi, kwa sababu hakuna ajuaye ni ajali gani ambayo haikutokea. Ninaamini Mungu anaijua. Dhambi zetu nyingi za kutotimiza wajibu ziko hapo, katika vitu vidogo tunavyoviacha wazi kwa kuwa madhara yake yatamwangukia mtu ambaye hatumwoni: abiria asiye na jina, juu ya mabati yetu, mwenye rozari mkononi.

Kwa hiyo Kwaresima hii, pamoja na kufunga, kusali na kutoa sadaka, naomba jumuiya ndogo ndogo zote zilizo karibu na ziwa tufanye jambo moja. Mabaki ya chakula na ya samaki yasimwagwe wazi. Maganda ya ndizi tuyarudishe kwenye migomba, kama mama zetu wa Muleba walivyofanya siku zote kwa kuwa kibanja hula kwanza ndipo kilishe. Matumbo ya samaki yafukiwe katika shimo refu. Shimo la parokia limekwisha kuchimbwa na kuwekewa mfuniko. Nilishika jembe mwenyewe, kama malipizi, na mikono yangu bado inasimulia.

Na siku ukiwa safarini, ukiona ndege haiondoki kwa sababu ya mtu mmoja anayefukuza yangeyange, usitazame saa kama nilivyofanya mimi. Mwombee mtu yule. Na mwenzako akikuuliza kama ndege huyu anaweza kuiangusha ndege hii, mwambie ukweli kwa upole, kisha salini pamoja.

Mungu awabariki, awalinde walio angani, ziwani na nchi kavu. Nawatakia Kwaresima njema.

Padre wenu.