Aliyeketi Mezani kwa Ahabu



Sisi tunaoishi upande huu wa Temeke, kuanzia Kurasini hadi Mbagala, tuna ujirani na Lubumbashi kuliko tunavyodhani. Malori yanayopakia bandarini petu huvuka Tunduma, hukatiza Zambia na kuingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa. Mengi hurudi na shaba. Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, aliondoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya huko, na mwaka 2015 akatwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika. Ndiyo maana jina la bwana mkubwa wa klabu ile, Moïse Katumbi, si geni vijiweni mwetu. Wiki hii tuitafakari safari yake ya kisiasa, kwani ndani yake limo jambo linalotuhusu.

Katumbi alizaliwa mwaka 1964, baba yake akiwa Myahudi mwenye asili ya kisiwa cha Rhodes na mama yake Mkongo. Alianza na biashara ya samaki, kisha akaanzisha MCK, kampuni iliyofanya kazi za migodini huko Katanga. Mwaka 1997 akashika urais wa TP Mazembe, na mwaka 2010 klabu hiyo ikafika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu huko Abu Dhabi, ilikofungwa na Inter Milan mabao 3-0. Mtu mwenye mali na timu ya namna hiyo habishi hodi mara mbili kwenye mlango wa siasa. Mwaka 2007 akawa gavana wa Katanga, akiwa katika PPRD, chama cha Rais Joseph Kabila. Wananchi wengi walimpenda, nasi hatuna sababu ya kuwabeza.

Ukaja uchaguzi wa mwaka 2011. Kabila alitangazwa mshindi, na Kardinali Laurent Monsengwo, Askofu Mkuu wa Kinshasa, akasema hadharani kwamba matokeo yale hayakuwa ya kweli wala ya haki. Mpinzani mkuu, Étienne Tshisekedi, akazungukwa na polisi nyumbani kwake. Katumbi, aliyekuwa amemfanyia kampeni Kabila, aliendelea kuwa gavana.

Mwezi Desemba 2014 ndipo aliposimama mbele ya umati mjini Lubumbashi na kunena kwa lugha ya mpira. Aliwauliza watu, baada ya penalti mbili za uongo, je, watakubali na ya tatu? Kila mtu alielewa kwamba ilikuwa habari ya Kabila na muhula wa tatu. Septemba 2015 akajiuzulu ugavana na kuihama PPRD. Mei 2016 akatangaza kugombea urais, na mara akajikuta anatuhumiwa kuajiri askari mamluki, tuhuma aliyoikana. Tarehe 20 ya mwezi huo akaondoka nchini kwa matibabu. Mwezi uliofuata, hali hayupo, mahakama ya Lubumbashi ikamhukumu kifungo cha miaka 3 katika kesi ya nyumba. Hakimu Chantal Ramazani, aliyekuwa miongoni mwa waliotoa hukumu hiyo, aliandika baadaye kwamba alishurutishwa, naye akalazimika kuikimbia nchi yake. Maaskofu wa Kongo, waliosimamia makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016 kati ya serikali na wapinzani, waliipitia kesi hiyo na kuona kwamba haikuwa kesi ya haki. Agosti 2018 Katumbi alijaribu kurejea kwa njia ya Kasumbalesa ili ajiandikishe kugombea. Akazuiliwa mpakani, na uchaguzi ukafanyika bila yeye. Ni baada ya Kabila kuondoka madarakani ndipo hukumu ilipofutwa, Aprili 2019. Alirudi Lubumbashi tarehe 20 Mei 2019, miaka 3 kamili tangu aondoke. Katika uchaguzi wa urais wa mwaka 2023 alitangazwa wa pili, kwa takriban asilimia 18 ya kura.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme tunasoma habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Hakuuawa gizani na majambazi. Aliitwa mbele ya wazee wa mji, mashahidi wa uongo wakaketishwa mbele yake, na kila hatua ikafanana na sheria. Katumbi naye alipitishwa mahakamani. Tofauti yao ni hii: Nabothi hakuwahi kuketi mezani kwa Ahabu, bali Katumbi aliketi kwa miaka mingi. Hatumhukumu, na tunamsifu kwa kuinuka. Hata hivyo tunajifunza kwamba meza ile haina mgeni wa kudumu, na kwamba aliyekula vizuri jana anaweza kuandaliwa mashahidi kesho. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tusiseme haya ni ya wakubwa wa Kongo tu. Katika mitaa yetu mjane huuziwa kiwanja ambacho kilikwisha kuuzwa kwa mwingine, na jirani aliyeshuhudia mauzo yote mawili hukaa kimya, kwa sababu muuzaji ndiye anayemchangia harusi. Mchuuzi hunyang'anywa bidhaa zake bila stakabadhi, nasi tunapita, kwa kuwa bidhaa si zetu. Kila tunaponyamaza namna hiyo, tunaisaidia mahakama ya Nabothi kupata viti vyake.

Basi anapokuja kwetu mwenye mali kuomba kura, akiwa na jezi, mipira na ahadi ya barabara, tumpokee kwa heshima, tumshukuru kwa mipira. Kisha tumuulize swali moja: alikuwa wapi, na alisema nini, siku sheria ilipogeuzwa kumwonea mtu ambaye hakuwa rafiki yake? Na kila mmoja wetu ajiandae kuulizwa swali hilo hilo na Yule asiyeketi mezani kwa Ahabu. Tuwaombee mahakimu wote walioshurutishwa kutia saini, na wale waliokataa.

Dominika njema.