Samurai Hakuwa Mtu wa Fujo

Wengi wetu samurai tulimjua kwenye vibanda vya video: jamaa kafunga nywele utosini, kachomoa upanga, vichwa vinaruka. Tukatoka pale tukidhani Japani ya kale kazi ilikuwa kukatana tu. Thubutu! Nilipoanza kusoma habari zao nikakuta samurai alifundishwa hadi namna ya kukaa, kuinama na kunywa chai. Ukoo wa Ogasawara ulifundisha adabu hizo pamoja na kupanda farasi na kupiga mishale, na shule yao ipo hadi leo.

Chukua suala la upanga. Ulivaliwa kiunoni upande wa kushoto, ili uchomolewe kwa mkono wa kulia. Sasa mtu akienda ugenini, upanga mrefu anauacha mlangoni, au akikaa nao anaulaza upande wake wa kulia. Hapo kuuchomoa ni kazi, na mwenyeji anaelewa kwamba mgeni kaja kwa amani. Ukiulaza kushoto, umeshatukana kabla hujafungua mdomo.

Kwenye nyumba ya chai ndiyo kabisa. Kimlango chake kilikuwa cha kuingia kwa magoti. Hata bwana mkubwa mwenye jeshi lake anainama, na upanga unabaki nje.

Aliyesahau adabu hizo yalimkuta. Mwaka 1701 bwana mmoja kijana, Asano Naganori, alipewa kazi ya kupokea wajumbe wa Mfalme katika ngome ya Edo, ambayo leo ni Tokyo. Wa kumwelekeza itifaki alikuwa mzee Kira Yoshinaka, na inasimuliwa kwamba mzee huyo alimdharau mno. Uvumilivu ukamshinda Asano, akachomoa silaha humo humo ngomeni, akamjeruhi. Siku hiyo hiyo akaamriwa ajipasue tumbo. Eneo lake likachukuliwa, watu wake wakabaki hawana bwana wala kazi. Baadaye 47 kati yao wakamwua Kira kulipa kisasi, na mwaka 1703, 46 wakaamriwa nao wajiue.

Kisa hiki nilimpa mdogo wangu, aliyekuja kwangu amevimba. Bosi wake kamtukana mbele ya wateja, naye kaapa kesho yake anamtwanga. Ana mke na mtoto.

“Sasa kaka, ndiyo nivumilie matusi tu?” akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Aliyelaza upanga kulia bado anao, ila kajipa muda wa kufikiri kabla mkono haujafika kwenye mpini. Mdogo wangu akalala na hasira zake. Asubuhi akaandika barua ya kuacha kazi, akadai haki zake zote, akalipwa. Leo ana kazi nyingine, na hana kesi polisi.

Mwaka 1876 serikali ya Japani ilipiga marufuku kutembea na panga hadharani. Hasira, lakini, hakuna serikali iliyoweza kuipiga marufuku. Hiyo kila mtu anaivaa kiunoni mwake, na kazi ni kujua unailaza upande gani.