Piko ya Bibi Harusi Wetu



Mwaka jana sisi dada zake wanne tulimuoza mdogo wetu. Singo ilisuguliwa, udi ukafukizwa, hina ikapakwa mikononi na miguuni. Lakini hina pekee hatukuridhika nayo. Tukamwambia mchoraji aongeze piko, ile nyeusi tii, ili maua yatokeze vizuri kwenye picha.

Siku ya pili maua yakaanza kumuwasha. Somo yake akasema, "Joto tu hilo, mpakeni mafuta ya nazi." Kufika alfajiri malengelenge yamefuata mchoro wote, uso umevimba, macho hayafunguki. Tukamkimbiza hospitali kajifunika kanga.

Daktari alimchoma sindano ya haidrokotizoni, kisha akampa vidonge vya prednisoloni. Sisi tulidhani uvimbe utanywea pale pale. Akatueleza kwa upole: dawa hizi za steroidi hutuliza kinga ya mwili iliyochachamaa, lakini hata zikipitishwa mshipani huchukua saa kadhaa. Ndiyo maana mtu akibanwa pumzi au akizirai kwa mzio, dawa ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani, inayofanya kazi ndani ya dakika chache. Steroidi hufuata nyuma. Tangu mgonjwa wa kwanza apewe kotizoni, Marekani mwaka 1948, zimesaidia wengi, alhamdulillah, ila hazishindi kujikinga.

Na kujikinga kulikuwa mikononi mwetu. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia nyekundu, haitoi nyeusi. Weusi wa piko hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali ya parafenilenidiamini. Mwili ukishaikataa hausahau: mdogo wetu sasa hata nywele hatakiwi kuzipaka rangi hiyo.

Basi bibi harusi, ridhika na hina yako. Ukiona mwasho au malengelenge, osha, uende hospitali mapema. Usijinunulie krimu ya steroidi dukani ukajipaka kwa kubahatisha. Uso au mdomo ukivimba, au pumzi zikibana, usingoje hata kidogo.

Ndoa ilifungwa, alhamdulillah. Picha zipo, mikono kaificha chini ya mtandio. Kila tukizitazama, tunamuomba radhi.

Allah awahifadhi nyote, na awajaalie ndoa zenye kheri. Amin.