Taa za RAV4 ya mjomba

Wadau, leo siasa tuziache zipumzike kidogo. Nina la mikweche.

Mjomba wangu ana RAV4 ya kwanza, zile zilizotoka kati ya 1994 na 2000, tairi ya akiba mgongoni. Anaishi Kibaha, duka lake liko Kariakoo, kwa hiyo saa kumi alfajiri yuko Barabara ya Morogoro na malori nyuma yake. Kwa mtu wa namna hiyo taa ya breki si urembo. Asiyekuona unafunga breki anakuja kukaa kwenye buti lako, na kama ana tani 30 hakuna cha kuongea tena.

Taa zake zikaanza vituko. Akikanyaga breki, ya kushoto inafifia, halafu taa ndogo za mbele na za dashibodi zinapata mwanga hafifu ingawa hajaziwasha. Fundi wa kwanza akabadilisha globu. Wa pili, aliposikia kuwa gari inagoma pia kuwaka asubuhi, akamuuzia betri mpya. Wa tatu akaanza kuzungumzia alteneta. Zaidi ya laki tatu zimeshaondoka na hakuna hata mmoja aliyeshika mita!

Hilo la mita ndilo linaloniudhi. Mimi si fundi, fizikia niliiacha kidato cha nne, lakini mita ya bei rahisi inapatikana duka lolote la vifaa vya umeme na inamaliza ubishi.

Tazameni. Umeme wa gari unaenda kwa waya, unarudi kwa bodi mpaka ncha hasi ya betri. Taa ya nyuma ina waya wa kurudi, kwenye Toyota mara nyingi ni mweupe wenye mstari mweusi, umefungwa kwenye bodi kwa bolti. Bolti ikishika kutu, njia inaziba. Sasa globu ya nyuma ina nyuzi mbili, wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo, na zote zinarudi njia hiyo moja. Ikiziba, umeme wa breki unageuka na kupitia uzi wa taa ndogo kutafuta pa kutokea. Ndiyo maana dashibodi inang'aa mtu akikanyaga breki. Gari haijarogwa.

Kupima ni hivi: mtu akanyage breki, wewe weka ncha moja ya mita kwenye waya wa kurudi wa taa, nyingine kwenye hasi ya betri. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ya mjomba ilisoma volti 3.8. Tukafungua bolti, msasa, tukakaza, grisi juu. Nusu saa.

Alteneta je? Betri iliyojaa, gari imezimwa, inasoma kama volti 12.6. Injini ikiunguruma inatakiwa 13.5 hadi 14.5. Ya mjomba 14.1, nzima kabisa. Ikiwa chini ya 13, angalia kwanza mkanda na vichwa vya betri kabla hujatoa hela. Ikivuka 15, hiyo ndiyo inayokuulia globu kila wiki.

Kwenye boksi la fyuzi tulikuta karatasi ya fedha ya sigara mahali pa fyuzi ya 15, ile ya bluu. Jamani! Fyuzi ikikatika mara mbili kuna waya unagusa bodi mahali. Ukiweka karatasi, waya wenyewe ndio unakuwa fyuzi, na waya huo umepita chini ya zulia la gari.

Betri kuisha usiku nako kunapimika. Zima kila kitu, fungua waya hasi, pitisha mita katikati ikiwa kwenye ampia, na usithubutu kupiga stata. Isizidi sana ampia 0.05. Yetu ilisoma 0.5, yaani ampia-saa 12 kwa siku. Betri ya 45 haifiki siku ya nne. Tukachomoa fyuzi moja moja. Tulipofika ya redio, mita ikashuka.

Redio hiyo ilifungwa na fundi yuleyule aliyeuza betri.