Dawa Iliyomo Frijini

Mama yetu mzazi ni mtu wa maradhi ya sukari, na kila siku hana budi na sindano ya insulini. Kwa hivyo friji yetu, ambayo kwa watoto ni ya maji baridi na sharbati, kwetu sisi imekuwa sanduku la amana.

Ukiwauliza watu adui wa dawa hii ni nani, watakwambia ni joto. Wasema kweli, lakini hawakumaliza. Insulini ni protini ndogo, yenye viungo 51 vilivyofungamana katika minyororo miwili na kukunjwa kwa umbo maalumu. Umbo likiharibika, kazi yake imekwisha. Joto huidhoofisha pole pole, ama barafu yaweza kuiharibu kwa usiku mmoja. Maji yagandapo, chembe zake husongamana zikashikana, na barafu ikiyeyuka hazirejei zilivyokuwa. Aliyepata kuona tui lililokatika atafahamu maana yetu. Tofauti ni kuwa tui huonekana. Insulini iliyoganda huenda ikayeyuka ikawa safi machoni kama haikupatwa na jambo.

Jirani yetu mmoja, umeme ulipokatika mchana kutwa, aliihamisha dawa ya mumewe akaiweka barafuni kati ya samaki, kwa mapenzi na huruma. Usiku umeme ukarudi. Siku tatu mzee yule alipigwa sindano na sukari ikazidi kupanda, watu wakimlaumu kuwa amekula tende kwa siri, hata muuguzi alipouliza chupa ililala wapi. Maskini, tende hakuzigusa!

Mahali pa dawa hii ni rafu ya kati, katika baridi ya digrii 2 hadi 8. Isiguse ukuta wa nyuma, wala isikae chini ya sehemu ya barafu. Mlangoni si pazuri, khasa mwezi wa Ramadhani, kwani karibu na magharibi mlango ule haupumziki. Chupa iliyokwisha funguliwa, nyingi katika aina zake zaweza kukaa nje ya friji kivulini kama siku 28, joto lisizidi digrii 25 au 30 kwa kadiri ya karatasi yake. Sisi huandika tarehe juu ya kikasha. Na aliyetilia shaka chupa yake na afungue nyingine, wala asiache sindano: kabla ya dawa hii kutumiwa mara ya kwanza kwa mgonjwa mjini Toronto, Januari 1922, mtoto mwenye sukari ya namna ile alikuwa hana muda mrefu wa kuishi.

Asiye na friji naye asikate tamaa. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, huko Dadaab, Kenya, wataalamu walipima joto la hemani likipanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37, kisha wakaijaribu insulini katika hali hiyo kwa wiki nne. Habari waliyoitoa mwaka 2021 ni kuwa nguvu yake ilikuwa sawa na iliyokaa frijini. Mtungi wa udongo wenye maji, unaotoa jasho kivulini, hupunguza joto zaidi. Tia chupa katika mkebe mkavu wenye kifuniko, uuning'inize ndani ya mtungi, juu ya maji.